Filamu Iliyogharimu Kuliko Sarakasi Yenyewe

Mwaka 1967 ndugu wawili, Irvin na Israel Feld, pamoja na Roy Hofheinz aliyewahi kuwa meya wa Houston, waliinunua sarakasi ya Ringling Bros. and Barnum & Bailey kwa dola milioni 8. Wakati huo ndiyo iliyokuwa sarakasi kubwa kuliko zote Marekani. Miaka 50 baadaye, Desemba 2017, ilitoka filamu ya The Greatest Showman, inayosimulia kwa nyimbo maisha ya P. T. Barnum, mtu ambaye jina lake limo kwenye bango la sarakasi hiyohiyo. Kuitengeneza kuligharimu takriban dola milioni 84. Thamani ya dola ilishuka sana katika nusu karne hiyo, kwa hiyo tufanye hesabu kwa haki: milioni 8 za mwaka 1967 ni sawa na kama milioni 59 za mwaka 2017. Bado filamu inashinda. Kumwigiza Barnum kwa dakika 105 kulikuwa ghali zaidi kuliko kuinunua sarakasi nzima pamoja na tembo wake.

Filamu hiyo ilianza vibaya. Wikendi ya kwanza iliingiza dola milioni 8.8 tu huko Amerika Kaskazini. Kisha watu wakaanza kuambizana, ikakaa kwenye majumba ya sinema kwa miezi, na mwishowe ikafikisha mauzo ya takriban milioni 435 duniani kote. Sarakasi yenyewe haikuwapo kuyaona hayo. Ilikuwa imefanya onyesho lake la mwisho Mei 21, 2017, huko Uniondale katika jimbo la New York, miezi saba kabla ya filamu kuingia sokoni.

Hamu ya sarakasi basi haijafa, na wanaolipa kuitazama wapo kwa mamilioni. Kilichokufa ni uwezo wa kuilipia sarakasi inayopumua, inayokula, inayohama mji hadi mji. Sarakasi hulipwa upya kila siku inapoamka, ilhali hadithi yake hulipwa mara moja ikauzwa miaka na miaka. Na katika safari hiyo ya kutoka hemani hadi kwenye skrini na kurasa, mistari fulani ya daftari la hesabu hufutwa: mishahara ya wapigaji vigingi, chakula cha wanyama, bei ya mwili uliovunjika. Kazi za sanaa zinazohusu sarakasi mimi huzipima kwa jambo hilo moja. Je, mwandishi au mwongozaji ameiacha mistari hiyo ionekane, au ameifunika kwa taa na muziki?

Mwanzo wa sarakasi haukuwa na gharama kubwa. Mwaka 1768 Philip Astley, askari wa zamani wa kikosi cha farasi, alianza kuonyesha ufundi wake kwenye uwanja wa wazi kusini mwa mto Thames, London. Farasi akikimbia kwa kuzunguka, nguvu ya mzunguko humsaidia mpandaji asimame wima mgongoni bila kuanguka. Astley alijaribu vipimo kadhaa, akatulia kwenye duara la futi 42, yaani karibu mita 13 kutoka ukingo hadi ukingo. Farasi wachache, kamba, uwanja na watu wa kulipa kiingilio: huo ndio ulikuwa mtaji. Kipimo chake hakijabadilika. Uwanja wa sarakasi unaojengwa leo bado unakuwa na mita 13 hizohizo, kwa sababu mwili wa farasi haujabadilika pia.

Wamarekani ndio walioitanua. Mwaka 1872 William Cameron Coup, mshirika wa Barnum, aliipakia sarakasi yote kwenye treni ili iruke miji midogo na kuifikia miji yenye watu wengi. Kutoka hapo ukubwa ukawa ndiyo bidhaa yenyewe: duara moja likawa matatu, hema la watazamaji mia chache likawa la maelfu. Mwaka 1951, mwongozaji Cecil B. DeMille alipokuwa akipiga filamu yake ndani ya Ringling, kundi lilikuwa na watu wapatao 1,400, mamia ya wanyama na mabehewa 60. Tuchukue jikoni tu. Watu 1,400 wakila mara tatu ni sahani 4,200 kwa siku, na jiko lenyewe lilifungwa na kuhamishwa pamoja na kila kitu kingine. Treni iliingia alfajiri. Vigingi vikapigwa kwa nyundo, nguzo zikasimamishwa, tembo wakavuta kamba, turubai likapanda. Mchana onyesho, usiku onyesho, na watazamaji wa mwisho walipokuwa wakitoka, mahema ya pembeni yalikuwa tayari yamekunjwa na kupakiwa. Kesho yake mji mwingine, sahani 4,200 nyingine. Siku ya mvua, ambayo nusu ya viti viko wazi, haipunguzi hata senti moja ya gharama hizo.

Mwaka 1966 wachumi William Baumol na William Bowen waliandika kitabu kuhusu ugonjwa huu. Wao walizungumzia tamthilia, okestra na dansi, lakini hoja yao inaingia hemani bila kurekebishwa. Kiwanda cha viatu kikipata mashine bora, fundi mmoja hutoa jozi nyingi zaidi kwa saa, hivyo mshahara wake unaweza kupanda bila kiatu kupanda bei. Mwanasarakasi wa bembea hana mashine hiyo. Kupinduka mara tatu hewani na kudakwa na mwenzako kunadai watu walewale wawili na miaka ileile ya mazoezi kama miaka 100 iliyopita. Mishahara ya nchi ikipanda, naye lazima aongezwe, la sivyo ataenda kutafuta kazi nyingine. Lakini idadi ya macho yanayoweza kumtazama kwa usiku mmoja imewekewa kikomo na ukubwa wa hema. Ukimpiga picha mara moja, hesabu inageuka kabisa: mruko ule mmoja unaweza kutazamwa na watu milioni mia, na hakuna atakayemlipa tena kwa kuruka.

Ringling iliuonja uchungu huo mapema. Mwaka 1938 mapato yalipoanguka, uongozi ulitaka kukata mishahara kwa asilimia 25. Wafanyakazi wakagoma huko Scranton, Pennsylvania, na kundi zima likarudi Florida katikati ya msimu. Mwaka 1956, Julai 16, likafanyika onyesho la mwisho chini ya turubai karibu na Pittsburgh. Kuanzia hapo ikawa ni kukodi kumbi kubwa zenye paa la zege. Mamia ya watu waliokuwa wakilipwa kusimamisha hema hawakuhitajika tena.

Tembo walibaki, na tembo ndio mstari mrefu kuliko yote. Mwaka 2015, kampuni ya akina Feld ilipotangaza kuwastaafisha, ilikuwa na tembo 43, na ilielezwa kwamba kumtunza mmoja kunagharimu takriban dola 65,000 kwa mwaka. Hiyo ni dola 178 kwa siku kwa mnyama mmoja, awe amefanya kazi au amelala. Zidisha kwa 43, unapata karibu milioni 2.8 kwa mwaka. Juu ya hapo zilikuwapo kesi. Mwaka 2011 kampuni ilikubali kulipa serikali ya Marekani faini ya dola 270,000 kuhusu matunzo ya wanyama. Upande wa pili, makundi ya kutetea wanyama yaliyoishitaki kwa miaka mingi yalishindwa mahakamani, baada ya kubainika kwamba shahidi wao mkuu alikuwa akilipwa, nayo yakailipa kampuni dola milioni 9.3 mwaka 2012 na milioni 15.75 mwaka 2014. Kisheria, kampuni ilishinda. Hata hivyo tembo waliondolewa Mei 2016, mauzo ya tiketi yakashuka, na mwaka mmoja baadaye milango ikafungwa. Nadhani hapa ndipo hesabu inapotufundisha kitu kuhusu jamii. Wengi walitaka tembo waachwe, na wengi, huenda walewale, hawakurudi tembo walipoondoka.

Denmark ilichagua njia ya wazi zaidi. Mwaka 2019 serikali yake iliwanunua tembo wanne wa mwisho waliokuwa kwenye sarakasi za nchi hiyo kwa kroner milioni 11, kama dola milioni 1.6, ili wapate pa kuishi. Kitu ambacho sarakasi ilikuwa imekigeuza kuwa tamasha, walipa kodi wakakinunua ili kiache kuwa tamasha.

Zamani tembo mmoja aliweza kujilipia, tena kwa faida. Jumbo alikamatwa akiwa mdogo miaka ya 1860, kwenye nyika za mpaka wa Sudani na Uhabeshi. Akapelekwa Paris, na mwaka 1865 akafika bustani ya wanyama ya London, ambako watoto walipanda mgongoni mwake kwa miaka mingi. Mwaka 1882 Barnum alimnunua kwa pauni 2,000, sawa na dola 10,000 za wakati ule. Waingereza walikasirika, barua za watoto zikamiminika kwa Malkia Victoria, magazeti yakaandika, na kila makala ikawa tangazo ambalo Barnum hakulilipia. Usafiri na gharama nyingine ziliifikisha bei yake kama dola 30,000. Fedha hizo zilirudi katika wiki chache za kwanza za msimu.

Miaka mitatu na nusu baadaye, Septemba 15, 1885, Jumbo aligongwa na treni ya mizigo huko St. Thomas, Ontario, wakati akipelekwa kwenye behewa lake baada ya onyesho. Biashara haikukoma. Ngozi yake ya karibu kilo 700 ilijazwa, mifupa ikaunganishwa, na tembo mmoja akawa maonyesho mawili yaliyosafiri na sarakasi. Miongoni mwa vijana walioifanya kazi hiyo ya kumjaza alikuwamo Carl Akeley, ambaye baadaye alikuja Afrika Mashariki mara kadhaa kuwinda wanyama kwa ajili ya majumba ya makumbusho, akafa mwaka 1926 na kuzikwa kwenye miteremko ya Mlima Mikeno, Kongo. Walt Disney alipotoa Dumbo mwaka 1941, filamu ya dakika 64 iliyogharimu chini ya dola milioni 1, mama wa tembo mdogo anayepaa aliitwa Bibi Jumbo. Filamu hiyo naipenda. Mama anafungiwa kwenye behewa kwa kosa la kumtetea mwanawe, na hakuna kinachofichwa. Mwaka 2019 Disney waliirudia kwa dola milioni 170, karibu mara tatu ya ile bei ya sarakasi ya 1967 iliyokokotolewa upya.

Lakini fedha za kwanza za Barnum hazikutoka kwa tembo. Zilitoka kwa mwanamke. Mwaka 1835, akiwa na miaka 25, alilipa dola 1,000 kupata haki ya kumwonyesha Joice Heth, mwanamke Mweusi, mtumwa, mzee, kipofu, aliyepooza sehemu ya mwili. Watu waliambiwa kwamba alikuwa na miaka 161 na kwamba ndiye aliyekuwa yaya wa George Washington. Alikaa mbele ya wageni saa nyingi kila siku, wakimshika mikono na kumuuliza maswali. Alifariki Februari 1836. Barnum alipanga mwili wake upasuliwe hadharani katika ukumbi mmoja wa New York, kiingilio senti 50. Walifika watu wapatao 1,500. Piga hesabu: dola 750 kwa siku moja, robo tatu ya bei aliyomnunulia, kwa kumkata vipande. Daktari aliyempasua alisema hakuwa na zaidi ya miaka 80.

Joice Heth hayumo kwenye The Greatest Showman. Hayumo kwa jina, wala kwa kivuli. Filamu hiyo imejaa watu wa rangi zote na maumbo yote wanaoimba kwamba wamepata nyumba kwa Barnum, na wimbo ni mzuri kweli. Lakini mstari wa kwanza kabisa wa daftari la tajiri huyu ni mwanamke aliyenunuliwa, na waliotumia dola milioni 84 hawakuona nafasi yake katika dakika 105. Hilo siwezi kulihesabu kuwa ni uchaguzi wa kisanaa tu. Ni kumfuta mtu ambaye mwili wake ulikuwa mtaji.

Miaka 85 kabla ya filamu hiyo, mwongozaji mwingine alikuwa amejaribu kinyume chake. Tod Browning, ambaye ujanani aliwahi kufanya kazi kwenye maonyesho ya kusafiri, aliwapa kazi watu wenye ulemavu waliokuwa wasanii halisi wa sarakasi, akatengeneza Freaks, iliyotoka mwaka 1932. Iligharimu takriban dola 316,000 na kuisababishia MGM hasara ya 164,000. Ilikatwa kutoka karibu dakika 90 hadi dakika 64, na Uingereza haikuruhusu ionyeshwe hadi mwaka 1963. Wakati wa kazi, wengi wa wasanii hao walitakiwa kula kando, nje ya ukumbi wa chakula wa studio, kwa kuwa waigizaji wengine hawakutaka kuwaona mezani. Watazamaji walikuwa tayari kuwalipia hemani kwa senti. Kuwaona wakiwa na hasira, mapenzi na heshima yao kwenye skrini, walikataa.

Sasa ile filamu ya DeMille. The Greatest Show on Earth ilitoka 1952, ikachukua Oscar ya filamu bora, na kwa bajeti ya karibu dola milioni 4 ikawa miongoni mwa filamu zilizoingiza fedha nyingi kuliko zote mwaka huo. Tukio linalokumbukwa ni ajali ya treni: mabehewa yanapanda juu ya mengine, simba wanatoka, na bado onyesho linafanyika. Katika The Fabelmans ya mwaka 2022, Steven Spielberg anaonyesha mtoto anayemwakilisha yeye mwenyewe akiitazama ajali hiyo sinemani na kushindwa kuisahau. Ajali ile ya DeMille iliundwa kwa vielelezo vidogo vya treni. Ajali halisi inayofanana nayo ilitokea Juni 22, 1918, karibu na Hammond, Indiana. Treni ya sarakasi ya Hagenbeck-Wallace ilikuwa imesimama kabla ya mapambazuko. Treni tupu ya jeshi, ambayo dereva wake alikuwa amesinzia, ikaigonga kwa nyuma. Mabehewa ya kulalia yalikuwa ya mbao, yakiangazwa kwa taa za mafuta. Walikufa watu 86, wengine zaidi ya 100 wakaumia.

Chama cha wafanyabiashara wa maonyesho kilikuwa kimenunua eneo la makaburi huko Forest Park, nje kidogo ya Chicago, muda mfupi tu kabla ya ajali. Humo walizikwa zaidi ya 50, na mengi ya mawe yao hayana majina. Jiwe moja linasema tu kwamba aliyelala hapo ni mwanamume asiyejulikana, na namba yake. Jingine limeandikwa jina la utani, Baldy, yaani kipara. Jingine linataja kazi tu: dereva wa farasi wanne. Wengi walikuwa vibarua walioajiriwa siku chache kabla, na hakuna aliyeandika majina yao kamili kwenye kitabu cha malipo. Sarakasi ilikosa maonyesho ya miji miwili, kisha ikaendelea kwa wasanii walioazimwa kutoka sarakasi nyingine. Watu husifu moyo huo wa kuendelea, na ujasiri ulikuwapo. Mimi naona pia zile gharama za kila siku ambazo hazikuwa na subira ya msiba.

Riwaya iliyoligusa jambo hili kwa ukali ni Water for Elephants ya Sara Gruen, iliyotoka 2006 na kuuzwa kwa mamilioni ya nakala. Hadithi inatokea mwaka 1931, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Mwenye sarakasi anapokosa fedha za mishahara, vibarua wanatupwa usiku kutoka kwenye treni inayokimbia, ili deni life pamoja nao. Ndani ya hadithi ya mapenzi na tembo, Gruen ameuweka mstari wa mishahara mahali ambapo msomaji hawezi kuuruka.

Hesabu nzito kuliko zote iko Hartford, Connecticut. Alhamisi, Julai 6, 1944, watu kama 7,000, wengi wao wanawake na watoto kwa kuwa wanaume walikuwa vitani, waliingia kwenye hema kubwa la Ringling. Ili mvua isipenye, turubai lilikuwa limepakwa nta ya parafini iliyoyeyushwa kwa petroli: kilo 800 hivi za nta na lita zipatazo 22,700 za petroli. Dawa ya kuzuia moto wakati huo ilipelekwa kwanza jeshini. Moto ulianza kwenye ukuta wa hema, ukapanda paani, na nta ikadondoka ikiwaka juu ya watu. Njia za chuma za kupitishia simba na chui zilikuwa zimeziba baadhi ya milango. Bendi ilipiga wimbo uliokuwa ishara ya hatari kwa wafanyakazi, na iliendelea kupiga hadi joto likawafukuza. Katika kama dakika 10 hema lote lilikuwa chini. Walikufa watu 167, vitabu vingine vinasema 168, na mamia wakajeruhiwa.

Kwenye chumba cha maiti kila mwili ulipewa namba. Mmoja ulikuwa wa msichana mdogo ambaye uso wake haukuungua, na ambaye hakuna aliyekuja kumchukua. Namba yake ilikuwa 1565, na kwa miaka mingi Wamarekani walimjua kwa namba hiyo. Askari polisi wawili wa mji walikuwa wakipeleka maua kaburini kwake kila mwaka. Mwaka 1991 mamlaka za jimbo zilitangaza kwamba jina lake limepatikana, ingawa wapo wanaolibishia hadi leo. Sarakasi ilikubali kubeba fidia, ikazilipa kwa faida zake kwa miaka kadhaa. Filamu ya DeMille ilipigwa wakati ambapo moto huo ulikuwa bado haujatimiza miaka saba. Aliweka ajali ya treni. Moto hakuuweka.

Aliyeielewa biashara hii kuliko wote pengine hakuwa mtu wa sarakasi kabisa. Franz Kafka alichapisha mwaka 1922 hadithi fupi ya msanii ambaye kazi yake ni kufunga kula mbele ya watu, ndani ya kizimba. Meneja wake hamruhusu kuzidisha siku 40. Sababu haihusu afya: uzoefu umeonyesha kwamba siku 40 ndizo ambazo mji mmoja unaweza kushangaa, baada ya hapo wageni hupungua. Baadaye msanii anahamia kwenye sarakasi kubwa, anawekwa njiani kuelekea mabanda ya wanyama, na watu wanampita. Kuna kibao cha kuandikia siku alizofunga. Mwanzoni kinabadilishwa kila asubuhi, halafu wafanyakazi wanachoka, namba inabaki ileile, na hata yeye mwenyewe hajui tena amefikisha ngapi. Katika kurasa chache Kafka ameweka soko, mwili na daftari lililoachwa bila kujazwa.

Wazee wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam waliokulia kwenye sinema za Kihindi wanalikumbuka jina la Raj Kapoor. Mera Naam Joker yake ya mwaka 1970 ilimchukua kama miaka sita, ikawa na dakika 255 na mapumziko mawili, na ndani yake walicheza wasanii wa sarakasi kutoka Urusi ya Kisovieti. Ilianguka vibaya sokoni, naye alikuwa ameweka mali zake rehani. Filamu yake ya Bobby, mwaka 1973, ndiyo iliyomwokoa. Huyu angalau aliilipia hadithi yake ya sarakasi kwa namna ambayo wanasarakasi wenyewe hulipia, yaani kwa kila alichonacho.

Kuwaondoa wanyama hakujaiponya biashara yenyewe. Cirque du Soleil, iliyoanzishwa Quebec mwaka 1984, ilijengwa juu ya miili ya watu tu, na mwaka 2015 iliuzwa kwa thamani ya takriban dola bilioni 1.5. Machi 2020 korona ilifunga maonyesho yake 44, na watu 4,679, asilimia 95 ya wafanyakazi wote, wakasimamishwa kazi. Kufikia Juni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, ikiwa na deni la karibu dola bilioni 1. Wakati huohuo filamu za sarakasi ziliendelea kutazamwa sebuleni, bila kumlipa mrukaji hata mmoja kwa kuruka. Ringling nayo ilirudi Septemba 2023, bila mnyama yeyote.

Kilichobaki sokoni, basi, ni mwili wa binadamu wenye mafunzo, na hapa Afrika Mashariki ina bidhaa ya kuuza. Sarakasi Trust ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2001, hufundisha vijana katika jengo la Ngara lililokuwa sinema ya Shan. Kutoka Tanzania, wanasarakasi wawili wanaojulikana kama Ramadhani Brothers walifika fainali ya America's Got Talent mwaka 2023, na mapema 2024 wakashinda toleo lake la Fantasy League: dola 250,000, zaidi ya shilingi milioni 600 za Kitanzania kwa bei ya wakati ule. Onyesho lao ni mmoja kusimama kichwa chini, kichwa chake juu ya kichwa cha mwenzake, huku wa chini akitembea na kupanda. Uzito wote wa mtu mzima unabebwa na shingo moja. Zawadi ikigawanywa kwa wawili ni dola 125,000 kila mmoja kabla ya kodi, na nyuma yake kuna miaka mingi ya mazoezi ambayo hakuna runinga iliyoilipia.

Siku ikitokea riwaya au filamu kuhusu vijana kama hao, na natamani sana itokee, kwa Kiswahili, ningependa mwandishi aanze na karatasi ya mkataba kabla ya taa kuwaka: nani alilipa nauli ya kwanza ya ndege, wakala anakata asilimia ngapi, pasipoti zinakaa kwa nani, na shingo ikiumia katikati ya msimu, bima ya hospitali inaishia siku ya ngapi.